Leo Fender: Fundi wa redio aliyebadilisha gita bila kujua kuipiga

HEBU jione umesimama Keroka siku ya soko. Mguu mmoja uko Kaunti ya Kisii, mwingine umekanyaga Nyamira. Mkusanya ushuru wa upande huu anakuhesabu kuwa wake, na wa upande ule naye anakudai. Kaunti hizi mbili zimevutania mji huo kwa miaka mingi, na ukiwauliza wenye maduka watakuambia kuwa katikati si mchezo.

Weka picha hiyo akilini kwa sababu tutairudia. Leo nataka nikusimulie maisha ya mtu ambaye huenda jina lake hulijui, lakini sauti ya kazi yake umeisikia tangu ukiwa mtoto. Umeisikia kwenye matatu, kwenye harusi, na kwenye redio ya jirani jioni benga ya Kigusii inapopigwa hadi kuku wanakosa usingizi.

Anaitwa Leo Fender. Ndiyo, Leo, unavyoliandika lile neno la leo na kesho. Alikuwa fundi wa redio huko California, Marekani, na alifariki 1991, kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Gita na besi zilizotoka kwenye karakana yake zilibadilisha muziki wa dunia nzima. Lakini kuna jambo moja linalowashangaza watu wakilisikia mara ya kwanza: huyu bwana hakujua kupiga gita. Hakuwahi kujifunza.

Kama umewahi kuambiwa kwamba kazi fulani si yako kwa sababu hukuisomea, hebu vuta kiti.

Jicho moja na boksi la vipuri

Leo alizaliwa Agosti 10, 1909. Wazazi wake walikuwa na shamba la machungwa karibu na miji ya Anaheim na Fullerton. Ikiwa umekulia kwenye ndizi za Kisii ama majani chai ya Nyamira, maisha hayo si mageni kwako. Kazi inaanza alfajiri, na mazao yanaenda kwa watu wa mjini ambao hawajui jasho lililomwagika.

Akiwa na umri wa miaka minane alipata uvimbe kwenye jicho la kushoto. Jicho likatolewa, akawekewa la kioo. Kuanzia hapo aliishi na jicho moja hadi mwisho.

Alipofika miaka 14, jamaa yake mmoja aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari alimtumia boksi la vipuri vya redio vilivyotupwa, pamoja na betri ya gari. Mwaka uliofuata Leo alimtembelea huko Santa Maria. Akakuta redio ambayo jamaa huyo alikuwa ameiunda mwenyewe kwa vipuri, spika yake iko mbele ya duka, inanguruma hadi barabarani. Si unajua yale maduka ya Kisii mjini yanayoweka spika mlangoni hadi ukipita unahisi kifua kinatikisika? Basi ni hivyo. Sauti ile haikumtoka kichwani tena.

Aliporudi nyumbani akaanza kutengeneza redio za watu kwenye kona ndogo aliyopewa na wazazi. Muziki pia aliujaribu. Alifunzwa piano, akaiacha. Akashika saksafoni, nayo akaiacha.

Unadhani basi alienda kusomea umeme? Hapana. Alipomaliza shule ya upili 1928, alijiunga na chuo cha hapo Fullerton akasomea uhasibu. Mambo ya redio aliendelea kujifundisha mwenyewe, kwa kufungua, kuchokora na kufunga.

Kazi zinapoyeyuka

Baada ya masomo alifanya kazi katika kampuni ya barafu, kwanza kusambaza bidhaa, kisha kushughulikia vitabu vya hesabu. Mwaka 1934 alimuoa Esther Klosky. Baadaye akapata nafasi ya uhasibu katika idara ya barabara ya jimbo la California. Kazi ya serikali, mshahara wa uhakika. Wazazi wetu wangesema kijana ameomoka.

Lakini hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni zikifunga na watu wakipanga foleni za chakula. Nafasi yake ikafutwa. Akapata kibarua kingine cha uhasibu katika kampuni ya matairi. Baada ya miezi kama sita, hicho nacho kikaisha.

Fikiria ungekuwa wewe. Cheti unacho, mke unaye, kazi huna. Hadithi hiyo vijana wengi wa Suneka, Ogembo, Nyansiongo na Ekerenyo wanaijua bila kusimuliwa.

Mwaka 1938, akiwa anakaribia miaka 29, Leo alikopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Kile alichokuwa akikifanya tangu utotoni kama mchezo ndicho kikawa riziki.

Dukani waliingia watu wa kila aina. Mwenye redio iliyozima, mwenye gramafoni inayokwaruza, na polepole wakaanza kuingia wanamuziki wakiwa na amplifaya mbovu. Hapo ndipo kutojua kupiga gita kulipogeuka kuwa msaada. Fundi ambaye pia ni mpigaji angewafundisha wateja sauti anayoipenda yeye. Leo hakuwa na sauti anayoipenda. Alichokuwa nacho ni maswali. Inakatika wapi? Inakuudhi nini? Ukiwa jukwaani mkono wako unaenda wapi? Kisha anatengeneza, anampa mwenyewe aende kuijaribu dansini, na keshoye anauliza tena.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, jicho lake la kioo lilimfanya asiandikishwe jeshini. Alibaki dukani. Akaungana na mwanamuziki mbunifu aliyeitwa Doc Kauffman, wakaanza kuunda gita za umeme za kulaza mapajani na amplifaya zake. Mwaka 1946 Kauffman alijitoa. Leo akasonga mbele na kampuni iliyobeba jina lake mwenyewe, Fender. Kumbuka hilo jina, kwa sababu baadaye litamponyoka.

Ubao mmoja, skrubu nne

Shida ya wapiga gita wakati huo ilikuwa hii. Gita ya kawaida ina tumbo wazi. Ukiipiga mbele ya spika kubwa, lile tumbo linatetemeshwa na sauti ya spika, gita inairudisha sauti hiyo kwenye amplifaya, amplifaya inaikuza tena, na mzunguko hauishi. Ni ule mlio wa kuudhi unaotoboa masikio mtu akisogeza maikrofoni karibu na spika kwenye baraza la chifu.

Dawa yake ni kuliondoa tumbo. Tumia ubao mzima usio na uwazi. Wapo waliowahi kujaribu wazo hilo kabla ya Leo, moja moja. Alichofanya yeye kuanzia 1950 ni kuunda gita ya ubao mzima inayoweza kutengenezwa kiwandani kwa wingi na kuuzwa dukani kama bidhaa nyingine yoyote.

Angalia jinsi alivyoiunda. Mafundi wa gita wa zamani walibandika shingo kwa gundi, kwa ustadi mkubwa. Leo aliifunga kwa skrubu nne. Shingo ikipinda, fungua skrubu, weka nyingine, mtu arudi jukwaani usiku huo huo. Nyaya zote aliziweka mahali unapoweza kuzifikia kwa bisibisi. Hiyo ni akili ya fundi wa redio. Anajua kila kitu kitaharibika siku moja, kwa hivyo anakiunda kifunguke.

Gita hiyo kwanza aliiita Broadcaster. Kumbe kampuni ya Gretsch ilikuwa na ngoma zenye jina linalofanana na hilo, ikalalamika. Kwa muda wafanyakazi wa Leo wakawa wanakata jina kwenye vibandiko, gita zikatoka bila jina la muundo. Mwaka 1951 zikapewa jina jipya, Telecaster, na zinatengenezwa hadi sasa.

Mwaka huo huo wa 1951 akaleta besi ya umeme, Precision Bass. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba besi kubwa ya mbao, ya kusimama, yenye kimo cha mtu mzima, na bado bendi ikichangamka hasikiki. Ya Leo unaitundika begani na kuingia nayo kwenye basi. Wewe mpenzi wa benga, jaribu kuiwaza benga bila besi. Muziki huo ulianzia kwa majirani zetu Waluo ukavuka hadi kwetu, ambako watu kama marehemu Christopher Monyoncho waliuimba kwa Ekegusii. Chini ya ile gita ya solo inayojibizana na mwimbaji kuna besi inayorukaruka. Itoe, na wachezaji watarudi vitini.

Pikapu tatu, swichi moja

Sasa tufike pale ninapopapenda. Kwanza tuelewane: pikapu ninayoisema si lile gari la kubeba ndizi kwenda Nairobi. Ni kile kijikasha kilicho chini ya nyuzi za gita ya umeme. Ndani mna sumaku, na sumaku hizo zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya ule. Amplifaya inaukuza hadi uweze kusukuma spika.

Mahali pikapu ilipokaa panabadilisha sauti. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungiwa, uzi unatetemeka kidogo tu, kwa hivyo sauti inatoka kali, inakata kama panga jipya. Karibu na shingo, uzi unayumba zaidi na sauti inatoka nene na laini.

Telecaster ilikuwa na pikapu mbili. Mwaka 1954 Leo alileta Stratocaster, yenye tatu. Tena alikuwa amesikiliza watu. Freddie Tavares, mwanamuziki mzaliwa wa Hawaii, alifanya kazi naye kwenye michoro. Mpiga gita Bill Carson alikuwa miongoni mwa waliojaribu na kukosoa. Wapigaji walilalamika kwamba kona za ubao wa Telecaster zinawachoma mbavu, basi ubao wa gita mpya ukachongwa mahali pa mbavu na mahali pa mkono. Ukiangalia gita za bei nafuu madukani leo, nyingi zimeiga umbo hilo hilo.

Ukiwa na pikapu tatu unahitaji njia ya kuchagua. Leo alitumia swichi ya kusukuma kwa kidole kutoka Centralab, kampuni ya vipuri vya redio na vifaa vya umeme. Huoni? Mkono mmoja bado uko kwenye duka la redio.

Usitishwe na nyaya. Mambo yenyewe ni haya. Kila pikapu ina nyaya mbili. Waya mmoja ni wa arthi. Waya za arthi zote zinakutana pamoja, kwa kawaida mgongoni mwa kitufe cha kuongeza sauti, na swichi haziigusi. Waya wa pili ndio unaobeba sauti, na kila pikapu inaupeleka kwenye kituo chake ndani ya swichi. Ndani humo kuna kibati kinachotembea ukisukuma. Kikigusa kituo cha pikapu fulani, sauti yake inapata njia: inatoka kwenye kibati, inapita kwenye kitufe cha sauti, inafika tundu la kebo na kwenda zake. Pikapu nyingine mbili mlango umefungwa.

Kwa hesabu ya Leo, vituo vilikuwa vitatu. Daraja, katikati, shingo. Pikapu moja kwa wakati mmoja, basi.

Kijiti cha kiberiti

Wapigaji walipoizoea wakagundua kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Ukiisukuma swichi polepole, kuna mahali kati ya kituo na kituo ambapo kile kibati kinagusa vyote viwili kwa pamoja. Hapo sasa uko Keroka. Mguu mmoja Kisii, mwingine Nyamira, na pande zote mbili zinakuhesabu.

Sauti iliyotoka pale haikufanana na yoyote kati ya zile tatu. Ilikuwa nyembamba, inalia kama kengele, kama mtu anayeimba kidogo kupitia puani. Kwa nini? Kwa sababu uzi ule ule mmoja unasikilizwa kutoka mahali pawili. Kuna sehemu za sauti ambazo pikapu zote mbili zinakubaliana, zikajumlishwa. Kuna nyingine zinazopingana, zikafutana. Ni kama watu wawili kwenye mlango mmoja: wakisukuma upande mmoja unafunguka, wakisukumana kutoka pande mbili unabaki palepale. Kilichobaki baada ya kufutana ndicho utamu wenyewe.

Shida ni kwamba swichi haikuundwa ikae hapo. Ukiiachilia inarukia kituo kilicho karibu. Wapigaji wakaanza kuikwamisha. Wengine walitumia kijiti cha kiberiti. Wengine walifungua swichi na kuikwangua ndani hadi ikubali kutulia katikati. Mark Knopfler wa bendi ya Dire Straits ni mmoja wa waliojulikana duniani kwa sauti hiyo ya katikati.

Kiwanda kilianza kuweka swichi ya vituo vitano 1977. Hesabu mwenyewe: tangu 1954, hiyo ni miaka 23. Hata nyaya hazikubadilishwa, kilichoongezwa ni mahali pawili pa swichi kutulia. Baadaye, kwenye gita nyingi, pikapu ya katikati ikaanza kuzungushiwa waya kinyume na kugeuziwa sumaku. Faida yake ni kwamba ukiwa kwenye vituo vya katikati, ule mngurumo unaoletwa na taa na nyaya za stima unafutika. Ukisikia gita yako inanyamaza kelele ghafla kwenye kituo cha pili na cha nne, sasa unajua sababu.

Ebu tulia hapo kidogo. Mtu asiyepiga gita aliwapa wapigaji chombo. Wapigaji wasiojua ufundi wakapata ndani ya chombo hicho sauti ambayo fundi hakuiweka kwa makusudi. Hakuna aliyesubiri ruhusa ya mwingine. Lakini pia hakuna ambaye angefika peke yake.

Siku aliyoliuza jina lake

Usidhani maisha yake yalikuwa kupanda tu. Kwa miaka mingi Leo alisumbuliwa na maambukizi kwenye mianzi ya pua ambayo hayakusikia dawa. Alidhoofika hadi akaamini hana siku nyingi. Kiwanda kilikuwa kimekua, wafanyakazi walikuwa mamia, na mwenyewe alitaka kupanga mambo yake kabla hajaondoka duniani.

Januari 1965 aliiuza kampuni kwa shirika kubwa la utangazaji la CBS, kwa dola milioni 13. Pesa nyingi, hasa kwa mtu aliyeanza na mkopo wa dola 600. Lakini pamoja na mashine na majengo, aliuza pia jina. Kuanzia hapo gita yenye neno Fender ilikuwa mali ya watu wengine.

Halafu sikiliza kilichofuata. Muda si mrefu akabadilisha daktari, akatibiwa, akapona.

Akawa mzima, ana akili zake zote, ana pesa, na haruhusiwi kufanya kazi aliyoipenda kama zamani kwa sababu mkataba ulimzuia kushindana na wanunuzi kwa miaka kadhaa. Wapiga gita nao wakaanza kulalamika kwamba gita za wenye kampuni wapya hazina ubora wa zile za zamani. Hadi leo wakusanyaji hulipa pesa kubwa zaidi kwa zilizotengenezwa kabla ya mauzo yale.

Je, alikosea? Mimi sitamhukumu mtu aliyedhani anakufa. Ila wewe unayesoma hapa, siku ukiwa umeumia, umechoka ama umeogopa, na mtu anakuletea karatasi ya kutia sahihi, mkumbuke Leo. Ugonjwa ulikuwa na dawa. Sahihi haikuwa nayo.

Muda wa kizuizi ulipopita hakukaa nyumbani. Miaka ya 1970 alifanya kazi na kampuni ya Music Man, ambako besi ya StingRay ilitoka 1976. Esther alifariki 1979. Karibu na wakati huo huo alianzisha kampuni nyingine na rafiki yake wa miaka mingi George Fullerton. Jina lake la ukoo halikuwa lake tena kulitumia kibiashara, kwa hivyo walitumia herufi za majina yao ya kwanza, G&L. Mwaka 1980 alioa tena, mkewe akiwa Phyllis.

Ugonjwa wa Parkinson ulipoanza kumtetemesha mikono, mikono ile ile iliyolehemu nyaya nyembamba kama unywele, aliendelea kwenda karakanani. Alifariki Machi 21, 1991, akiwa na miaka 81. Mwaka uliofuata jina lake liliingizwa kwenye orodha ya heshima ya muziki wa rock nchini Marekani, yeye ambaye hakuwahi kupanda jukwaani na gita.

Na wewe je?

Huku kwetu ufundi wa ala haukuja na meli. Wazee wa Gusii waliunda obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane ambacho nzito yake ya sauti unaisikia kifuani, kwa mbao, ngozi na nyuzi. Kule Tabaka watu bado wanachonga mawe yanayouzwa ng'ambo. Na mmoja wa Wakenya wa kwanza kujulikana kwa gita ya umeme, mzee mmoja wa Pwani aliyefariki 2000, aliitwa Fundi Konde. Neno fundi lilikaa mbele, na halikumshushia hadhi.

Ndiyo maana inanikera nikisikia mzazi akimwambia mwanawe kwamba kwenda kusomea umeme Kisii National Polytechnic ni kwa waliofeli. Leo Fender alikuwa na cheti cha uhasibu, na kilimwacha barabarani mara mbili. Kilichomlisha ni bisibisi, na tabia ya kumsikiliza mteja hadi mwisho. Hata huo uhasibu haukupotea, manake mwenye duka asiyejua hesabu hafiki mbali.

Basi kama bendi yenu ina gita iliyolala kwa sababu swichi inakwaruza, hebu anza hivi. Chomoa kebo. Fungua skrubu za lile bamba la plastiki, uzipange kwenye kifuniko cha chupa zisipotee. Kabla hujagusa waya wowote, piga picha kwa simu. Puliza dawa ya kusafisha viunganishi vya umeme ndani ya swichi, kisha isukume huku na kule mara ishirini hivi. Mara nyingi ni vumbi tu. Kama kituo kimoja kimenyamaza na vingine vinalia, fuata waya wa pikapu hiyo hadi kwenye kituo chake. Huenda umekatika na unahitaji kulehemiwa upya. Kama gita nzima imekufa, angalia kwanza tundu la kebo, manake ndilo linalovutwa kila siku.

Jambo moja usicheze nalo: amplifaya. Ndani ya gita umeme wake ni mdogo mno kukudhuru, lakini ndani ya amplifaya kuna umeme unaoweza kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Hiyo mpelekee fundi, na ukifika kwake usiketi nje ukibonyeza simu. Muombe uangalie anavyofanya.

Ukimaliza kuifunga gita, mpe mpigaji aijaribu. Kisha muulize inakatika wapi.